Ukurasa nisioutaka naufunga mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi mwenzangu ambaye barua yake ilitoka wiki mbili zilizopita. Alieleza jinsi alivyomkuta binti yake wa miaka 13 akilia usiku, simu mkononi, kwa ajili ya hadithi aliyoisoma mtandaoni. Ni moja ya zile hadithi ambazo mashabiki wa tamthilia hujiandikia wenyewe, wakiwachukua wahusika wanaowapenda na kuwapa maisha mengine. Mwishoni aliwataka wenye tovuti hizo wafute hadithi zote za kikubwa na za kuhuzunisha, kisha akatuhimiza wasomaji tuwaripoti waandishi wake mmoja baada ya mwingine mpaka wakome.

Machozi ya mtoto si kitu cha kubezwa, na ndugu yangu huyo asione kwamba nakuja kumshushua. Lakini huu ni mwaka wangu wa 16 katika ulimwengu huo, nasoma karibu kila usiku na naandika pale nafasi inapopatikana. Na hilo la kumwandama mwandishi mpaka akome nimewahi kulifanya. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Hadithi za mashabiki hazikuzaliwa na simu. Tangu mwaka 1967 mashabiki wa tamthilia moja ya Marekani ya safari za anga walikuwa wakichapa majarida yao na kutumiana kwa posta. Intaneti ilipokuja wakahamia huko. FanFiction.net ilianza mwaka 1998. Archive of Our Own, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009. Hii ya pili inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango ya wasomaji, haina matangazo, na ina hadithi zaidi ya milioni 10. Mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fasihi ya kubuni ya kisayansi. Kusoma ni bure, na kwa hadithi nyingi huhitaji hata akaunti.

Milioni 10, Mhariri. Humo kuna kila kitu ambacho binadamu anaweza kukiwaza: mapenzi, vita, vichekesho, uchungu wa uzazi, misiba, na mambo ambayo mimi binafsi nisingependa kuyaona hata kwa mbali. Hakuna anayeweza kuyasoma yote na kukuchagulia yanayokufaa. Badala yake kila hadithi hubeba kisanduku juu yake, kabla hujafika kwenye neno la kwanza. Mwandishi hutaja humo hadithi ni ya rika gani. Husema kama kuna moja ya mambo manne makubwa: ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, au ngono inayomhusu aliye chini ya umri. Anaweza pia kuandika kwamba ameamua kutoonya, na hapo amekwambia wazi kuwa ukiingia utakutana na lolote. Chini ya hayo huja lebo nyingine anazozitunga mwenyewe, kumi au hata thelathini. Wapo watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kuziunganisha lebo zenye maana moja, ili ukisema hutaki jambo fulani, kichujio kikuondolee hadithi zake zote hata kama kila mwandishi amelitaja kwa maneno yake.

Thamani ya kisanduku hicho niliijua kwa maumivu. Mama yangu alifariki mwaka 2014 kwa saratani. Wiki ya tatu baada ya mazishi, usingizi umenigomea, nikachukua simu nitafute cha kunisahaulisha. Nikaona hadithi ndefu ya wahusika wawili niliokuwa nawapenda, imesifiwa na wengi. Kidole kikakipita kisanduku bila macho kusoma hata neno, nikaanza. Kufika sura ya nne, mama wa mmoja wao alikuwa kitandani hospitalini, na mwandishi alikuwa anakijua anachokiandika. Midomo iliyokauka. Pamba yenye maji anayopanguswa nayo. Mkono unaopapasa shuka kana kwamba kuna kitu kimedondokea hapo. Mama yangu alipapasa shuka hivyo hivyo siku mbili za mwisho. Nilitetemeka mwili mzima. Nikashuka mpaka chini ya ukurasa na kumwandikia yule mwandishi kwamba hana utu, kwamba watu wana misiba yao na yeye anaichezea.

Alijibu baada ya siku mbili. Alinipa pole. Akasema hadithi ile aliiandika kwa kuwa mama yake mwenyewe alikufa hivyo, na hakuwa na pengine pa kuyaweka yale aliyoyaona. Kisha akaongeza, bila ukali wowote, kwamba alikuwa ameandika juu kabisa, kwenye lebo ya tatu.

Nikarudi juu kutazama. Ya tatu: kifo cha mzazi. Ya nne: saratani.

Jibu lile limekaa nami muda mrefu. Maneno yale yale yaliyonichoma mimi ndiyo yaliyokuwa yanampa yeye pumzi. Kama ningekuwa na uwezo wa kuifuta hadithi ile usiku ule, ningeifuta, na ningekuwa nimemfungia mfiwa mwenzangu mlango wa chumba alichokuwa akilia. Mimi ningepata nini kwa kufanya hivyo? Hakuna ambacho nisingekipata kwa kusoma mistari miwili kabla ya kuingia.

Mwaka 2017 niliirudia hadithi ile kwa makusudi. Ilikuwa mchana, siku ya mapumziko, na nilijua ninakokwenda. Niliisoma mpaka mwisho na nikalia sana, kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa kimekataa kutoka. Nikamwandikia mwandishi kumwomba radhi na kumshukuru. Kwa hiyo ninaposema kila mtu ajilinde, sisemi aikimbie huzuni maisha yake yote. Nasema kuna siku unaiweza na siku huiwezi, na anayeijua siku hiyo ni wewe. Mwandishi aliye upande wa pili wa dunia hajui kwamba umezika jana. Mwenye tovuti naye hajui.

Tangu hapo nina orodha kwenye simu yangu. Nimeiandika sehemu ya kumbukumbu, nainakili kwenye kichujio kila ninapotafuta cha kusoma, na naibadilisha kadiri ninavyobadilika. Kifo cha mzazi kilikaa humo miaka mitatu kisha nikakitoa. Mimba kuharibika kuliingia na hakutatoka. Kujinyonga kumo. Kuna jozi mbili za wahusika, yaani wawili ambao mashabiki huwafanya wapenzi, ambazo siwezi kuziona pamoja, si kwa maumivu yoyote, ni vile tu moyo wangu hauziafiki, nazo zimo. Hadithi ambazo mwandishi ameamua kutoonya sizikatai, ila huwa naziacha kwa siku ambazo niko imara. Si kazi kubwa, lakini ni kazi, na sitaki kumdanganya mtu kwamba inajifanya yenyewe. Kuna usiku nachuja, nachuja tena, nabaki na hadithi sita. Basi nazisoma hizo sita.

Wahenga walishatuuliza: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Mashabiki nao wana yao, fupi, waliyokuwa wakiiandika juu ya hadithi tangu zamani: hupendi, usisome. Naona zote mbili zinasema kitu kimoja, ila ile ya wahenga ni pana zaidi, kwa sababu pilipili inamwasha pia yule ambaye hakuila lakini amekaa kutwa anaizungumzia.

Hapo nina mfano. Tovuti ya hadithi niliyoitaja haina mashine ya kukuchagulia. Unatafuta mwenyewe, na hadithi zinajipanga kwa tarehe. Mitandao mingine tunayokutania mashabiki si hivyo. Huko unaletewa. Rafiki yangu mmoja alikuwa akinilalamikia kila siku kwamba amechoka kuletewa picha za jozi anayoichukia, mpaka anaona mtandao unamfanyia kusudi. Siku moja nilimwomba simu yake. Tukafungua komenti zake za wiki ile. Zilikuwa tisa. Zote tisa aliziandika chini ya picha za jozi ile ile, akibishana. Ile jozi aliyokuwa anaipenda hakuwa ameiandikia hata neno. Mashine haijui kuwa umesimama kwa hasira. Inachojua ni kwamba umesimama, umesoma, umeandika, basi inakuletea nyingine. Tulikaa kama nusu saa. Kila picha ile ilipokuja akabonyeza kwamba haimpendezi, majina ya wahusika wale tukayanyamazisha, akaunti tatu zilizokuwa zinamchokoza akazizuia, kisha nikamwambia aende kwa wachoraji anaowapenda awaambie wamefanya vizuri. Baada ya siku chache ukurasa wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Watu wengi hawatofautishi kunyamazisha na kuzuia, na tofauti yake imeniokolea urafiki. Ukimzuia mtu, anaweza kugundua, na mara nyingi anakasirika. Ukimnyamazisha, yeye anaendelea na mambo yake na wewe unapumzika. Nina shoga yangu ambaye msimu mpya wa tamthilia ukianza tu hawezi kujizuia. Anamaliza vipindi vyote usiku mmoja na asubuhi ameshamwaga nani amekufa na nani ameolewa. Zamani tulikuwa tunagombana, nikimwambia ananiharibia uhondo, naye akisema ukurasa ni wake. Na ni kweli ni wake. Siku hizi msimu ukianza namnyamazisha siku nne, nikimaliza kutazama namfungulia, tunapiga soga mpaka usiku. Kama anasoma barua hii, leo ndiyo amejua.

Sasa nirudi kwa mtoto. Hapa mzazi mwenzangu ana haki ya kudai kitu, ila nadhani anamdai asiyehusika. Mtoto wa miaka 13 hawezi kuachiwa maktaba ya hadithi milioni 10 bila kuonyeshwa namna ya kuingia na namna ya kutoka. Mwanangu alipofikisha miaka 14 aliniomba ruhusa ya kusoma hadithi za mashabiki za katuni anayoipenda. Tulikaa naye tukaanzia kwenye kichujio. Kwanza tukaondoa zote za kikubwa, hilo halikuwa na mjadala. Kisha nikamuuliza ni mambo gani yeye mwenyewe hataki kukutana nayo. Nilitegemea ataje mizimwi au damu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mbwa kufa." Tukatafuta lebo ya kifo cha mnyama tukaiweka miongoni mwa zinazokataliwa. Nisingeijua hata siku moja kama nisingemuuliza, na hakuna mwenye tovuti, hata awe mwema kiasi gani, ambaye angefikiria kumkinga mwanangu na hilo. Nilimfundisha pia jambo la pili: ukianza kusoma tumbo likakukaza, funga. Huna deni la kumaliza. Njoo uniambie ukitaka, usiponiambia pia ni sawa, ila funga.

Ninachodai kwa mwandishi ni kimoja: aseme kweli kwenye kisanduku. Mwandishi anayeficha kifo ili amshtue msomaji, wakati njia ya kusema "nimeamua kutoonya" ipo pale pale, huyo amenikosea na nitamwambia. Akishasema kweli, zamu inayobaki ni yangu.

Kuhusu kuwaachia wenye mitandao watufagilie, tumeshaona mara kadhaa ufagio huo unavyofanya kazi. Mei 2007 LiveJournal, mtandao wa shajara ambako mashabiki wengi walikuwa wakikutania, ilifunga kurasa zipatazo 500 kwa sababu ya maneno fulani yaliyoorodheshwa kwenye wasifu wake. Miongoni mwake kulikuwa na makundi ya mashabiki, na kulikuwa pia na makundi ya watu waliowahi kubakwa waliokuwa wakitiana moyo; neno lilikuwa lile lile, na ufagio hauulizi limeandikwa kwa nini. Kampuni iliomba radhi na kuzirudisha nyingi. Desemba 2018 Tumblr, mtandao wa kijamii wa picha na maandishi, ilipopiga marufuku picha za ngono, mashine yake ikazikamata na picha zisizo na hatia yoyote. Na Februari 2020, baada ya mashabiki wa mwigizaji mmoja wa China kuchukizwa na hadithi iliyomhusu na kuhimizana kuiripoti kwa mamlaka, Archive of Our Own nzima ikafungwa nchini humo. Hadithi moja iliwaudhi, na maktaba yote ikaondoka, pamoja na hadithi ambazo wao wenyewe walikuwa wakizisoma.

Hayo niliyasoma kama wengine. Ninalotaka kulisema kwa kinywa changu ni la mwaka 2016.

Ungetegemea kwamba baada ya yale ya mama yangu nilikuwa nimeshaelimika. Wapi. Nilikuwa katika kundi la mashabiki kama arobaini hivi. Tulikuwa na mwandishi tuliyekuwa tunampenda sote, binti ambaye kwa maandishi yake nadhani hakuwa amefika miaka 20. Alikuwa anaandika hadithi ndefu, sura moja kila wiki, na ilikuwa imefika sura ya 14. Mimi siku ya sura mpya nilikuwa namaliza shughuli mapema. Kulikuwa na sehemu ambapo mhusika wake mkuu anamfundisha mdogo wake kuendesha baiskeli kwenye uwanja mtupu usiku, taa zimezimika, wanasikilizana kwa sauti tu. Mpaka leo naweza kukueleza sentensi kwa sentensi.

Katikati ya wiki moja akaweka hadithi nyingine, fupi, ya jozi ambayo kundi letu liliichukia. Alikuwa ameitaja jozi hiyo kwenye kichwa na kwenye lebo ya kwanza. Hakuna aliyeingia kwa kukosea. Mtu akapiga picha ya skrini aya mbili, akazituma kwenye kundi usiku, akauliza, jamani mnaona huyu anatufanyia nini? Wakaanza kwenda mmoja mmoja. Wengine waliandika marefu, kwamba anaharibu watoto, kwamba mtu anayewaza hivyo anahitaji daktari. Wengine wakamripoti. Mimi sikuisoma hata hiyo hadithi. Niliingia, nikashuka moja kwa moja hadi chini, nikaandika, "Umetuaibisha. Futa." Nikarudi kwenye kundi nikasema nimeshamwambia. Nikawekewa moyo na watu saba. Nikalala.

Asubuhi akaunti haikuwepo. Hakufuta ile fupi peke yake. Alifuta yote aliyowahi kuyaandika, na sura 14 zikaenda nazo. Kwenye kundi mtu mmoja akaandika kwamba afadhali. Nusu saa baadaye mtu mwingine akauliza kama kuna aliyeihifadhi ile ndefu. Hakuna aliyekuwa nayo. Siku ya sura mpya ilipofika nilifungua simu kwa mazoea, nikakutana na ule ukurasa mtupu wa tovuti unaokuambia kwamba unachokitafuta hakipo.

Nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza, nilikuwa namlinda nani. Hadithi ile fupi haikunifuata. Haikuletwa na mashine. Ilikuwa na jina lake juu, ningeipita kama ninavyopita maelfu. Niliifuata mimi, nikiongozwa na picha ya skrini, nikajibebesha chuki ya kitu ambacho sikukisoma, na nikaiita chuki hiyo maadili.

Najua msemo wa "hupendi, usisome" nao hutumiwa vibaya, na siwezi kuutetea huku nikilificha hilo. Wapo mashabiki waliolalamika kwa miaka kwamba wahusika weusi katika hadithi nyingi hufanywa watumishi wa mapenzi ya wengine, au hufa mapema ili mwingine ahuzunike. Wakisema, hujibiwa wasisome. Hilo si jibu. Kuchuja kunakuondolea hadithi moja iliyokuumiza. Hakukufungi mdomo usiseme juu ya tabia unayoiona katika mia. Sema, andika kwenye ukurasa wako, toa mifano, jadiliana na wanaotaka kujadiliana. Kuchambua ni haki, na hadithi zetu zimenufaika na wachambuzi. Kile tulichofanya sisi mwaka 2016 hakikuwa uchambuzi. Mtu hawezi kuchambua asichokisoma.

Na yapo mambo ambayo kichujio hakiyahusu kabisa. Anayemtishia mtu maisha, anayetoa hadharani jina halisi la mwandishi na mahali anapoishi, anayemfuata mtu kutoka akaunti hadi akaunti baada ya kuzuiwa, anayesambaza picha chafu za watoto halisi: hao waripotiwe, na siku hiyo hiyo. Pale kuna mtu wa damu na nyama anayeumizwa. Nasisitiza hivyo kwa sababu kitufe cha kuripoti tukikitumia kwa kila tusichokipenda, wanaopokea taarifa wanafunikwa na malalamiko ya jozi na ya wahusika wa kubuni, na aliyetishiwa maisha anasubiri kwenye foleni nyuma yetu.

Kwa mzazi mwenzangu, ningemwomba jioni moja akae na binti yake, amuulize ni sehemu gani iliyomliza. Huenda akaambiwa jambo ambalo si la hadithi hata kidogo. Kisha wakitengeneze kichujio pamoja. Kama hajui pa kuanzia, gazeti lina ruhusa yangu kumpa anwani yangu ya barua pepe.

Na kwako wewe uliyeandika zile sura 14, ambaye pengine sasa ni mtu mzima na pengine husomi tena mambo haya: mimi ni yule wa "Umetuaibisha. Futa." Sikuwa nimeisoma. Nisamehe. Kama bado unayo mahali popote ile ya baiskeli, kwenye simu ya zamani, kwenye barua pepe uliyojitumia mwenyewe, huna haja ya kuirudisha hadharani. Ningependa tu kujua kama yule mdogo wake alifika mwisho wa uwanja bila kuanguka.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,

Mama wa mtoto mmoja na shabiki